Mbuzi wa Pili

Siku mama mkwe wake alipokuja kisiwani Irumba, Bujiku alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa mahali pa kuweka macho yake.

Habari ilimfikia kwa boti ya posho. Wanakisomo wa Ushirombo, wale watu wazima wa madarasa ya ngumbaru waliofaulu mtihani wa kusoma na kuandika, walikuwa wamepewa zawadi ya kutembezwa hifadhini. Wangekuja kwa lori la ushirika mpaka Nyamirembe, wavuke ziwa, waone wanyama, warudi siku hiyohiyo. Bujiku alifurahi. Kutembeza wageni ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa Msukuma wa vijiji vya karibu na Mwadui, aliyepiga sururu na wachimbaji mpaka mgongo ukamkatalia, akauza maji Kahama, akalala njaa pale Kahama, kisha akaokotwa na kazi ya uaskari wa wanyamapori. Na kadiri dunia ilivyozidi kumpiga ndivyo alivyozidi kuichekesha. Mgeni aliyefika Irumba kuona twiga alirudi kwao akisimulia habari za askari.

"Na mama yumo," alisema mkewe, Anisia.

"Mama yupi?"

"Mama Ansgar. Mama yangu. Kwani wewe una mama mkwe wangapi?"

Bujiku aliketi chini palepale, juu ya ndoo ya maji.

Kuketi huko kulikuwa na sababu. Kwao Bujiku, na kwa Wasumbwa wa Ushirombo pia, mkwilima, yaani mume wa binti, hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Hamtazami, hamwiti jina, hamgusi mkono, hali chakula mbele yake. Akimwona njiani anaiacha njia. Siku ya harusi yao, pale kanisani, Mama Ansgar alisali misa nzima nyuma ya nguzo. Mwaka uliofuata walikaribia kugongana kwenye kona ya kisima, Bujiku akajitupa kwenye shamba la mihogo la watu, na mwenye shamba akampigia yowe la mwizi. Alipigwa makofi mawili kabla hajaeleza, na alipoeleza aliombwa radhi na kusifiwa kwa adabu yake. Adabu hiyo ndiyo iliyomfanya Mama Ansgar amkubali, maana vinginevyo hakuona alichokuwa nacho.

Lakini safari hii hakuja kutalii tu. Anisia alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, na mimba iliyotangulia ilitokea kuharibika hapohapo kisiwani, upepo ukiwa mkali kiasi kwamba hakuna boti iliyothubutu kuvuka kumpeleka kwa mkunga. Mama Ansgar alituma neno kwa mdomo wa nahodha: "Nakuja nione kwa macho yangu kama hapo ni mahali pa kulelea mtu au pa kulelea mamba. Nikiona hapafai, naondoka na mwanangu siku hiyohiyo, na sitamrudisha."

"Sasa nitamwonyeshaje kwamba panafaa," Bujiku alilalamika, "na mimi siruhusiwi hata kumwonyesha pua yangu?"

"Mwonyeshe kisogo," Anisia alicheka. "Kisogo chako ni kizuri. Mimi mwenyewe nilianza kukipenda hicho, uso nikauzoea baadaye."

Basi akawaonyesha kisogo.

Boti ilipotia nanga, wageni walimkuta askari amesimama gatini, sare imepigwa pasi, kofia kichwani, mgongo umeelekea ziwani na uso umeelekea msituni. Alisema kwa sauti kubwa, akiiambia miti: "Mwangaluka! Karibuni Irumba! Shikamooni wazee, hamjambo vijana!"

"Jamani," alisema Zipora, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, aliyefaulu kusoma kuliko wote na hakuacha mtu asahau. "Huyu ndiye wa kututembeza? Anatupokea kwa mgongo?"

"Ni kama kinyonga," Anisia alimjibu. "Anaona nyuma na mbele."

"Mwacheni," alisema Mzee Herman, mkubwa wa kundi, aliyejifunza kusoma na meno yamekwisha kung'oka. "Mkwewe yumo humu. Huyu kijana ana malezi."

Mwisho kabisa alishuka Mama Ansgar. Alikuwa mfupi, mpana, kanga moja kiunoni na nyingine ameivuta kichwani mpaka imefunika paji la uso. Alimkumbatia Anisia, akampapasa tumbo mbele ya watu bila kuuliza, kisha akatazama nyumba ya askari, gati, na anga, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

Msafara ukapangika wenyewe. Mbele Bujiku. Nyuma yake Mwalimu Onesmo, kiongozi wa darasa, na wanakisomo wengine. Katikati Anisia, ambaye ndiye alikuwa daraja. Mwisho kabisa, mbali kidogo na wenzake, Mama Ansgar. Akiuliza jambo, Anisia alilipeleka mbele, ingawa kila mtu alikuwa amekwisha kulisikia.

"Mama anauliza, hao twiga walifikaje kisiwani? Waliogelea?"

"Mwambie mama," Bujiku aliujibu mti, "walikuja na meli, kama abiria. Kila mmoja kwenye sanduku lake lisilo na paa, shingo nje. Mmoja wao alikuwa anachungulia chumba cha nahodha. Wavuvi walioiona ile meli kwa mbali walirudi nyumbani wakaacha pombe."

Wanakisomo walicheka. Na nyuma kabisa, chini ya kanga, kicheko kifupi kilitoka, kikazuiwa haraka. Bujiku alikisikia. Alikipokea mgongoni kama mtu anavyopokea jua la asubuhi baada ya baridi.

Irumba wakati ule ilikuwa imefanywa hifadhi kama dada yake mkubwa, Rubondo, na wanyama wa bara walikuwa wakiletwa mmojammoja kuja kuanza maisha mapya. Bujiku aliwajua kama majirani. Aliwaonyesha mbega, weusi wenye mikia myeupe, "mapadri wa msituni, ila hawa wana wake." Aliwaonyesha furukombe akishuka kutoka mtini na kunyanyua samaki bila kulowanisha tumbo. Aliwaonyesha fisi maji wakichezea ganda la konokono. Alipofika kwa sokwe mmoja mzee, aliyezaliwa kwenye kizimba cha Ulaya kabla ya kuletwa huku, aliwaambia: "Huyu amefika Ulaya, nyie hata Mwanza hamjafika. Mwamkieni." Na Mzee Herman akatoa kofia kweli, sokwe naye akainua mkono, watu wakashika mbavu.

"Mama anasema," Anisia alileta ujumbe huku akihema, mkono kiunoni, "huyo sokwe ana adabu kuliko mwanawe Ansgar."

"Mwambie mama ahsante. Nitamfikishia."

Ndugu msomaji, mtu akisifiwa huvimba, na aliyezoea kudharauliwa huvimba haraka zaidi. Ziara ilipaswa kuishia hapo. Lakini Bujiku aliona mambo yanamnyookea. Alikuwa amesikia vicheko vitatu chini ya ile kanga, na alitaka kimoja cha mwisho, kikubwa, cha kumaliza maneno. Akasema: "Kuna kitu kimoja hamtakiona mahali pengine popote. Nzohe."

Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ndefu zinakanyaga matope bila kuzama, na akiogopa huingia majini na kubakiza pua tu. Pa kumwonea ni ghuba ndogo upande wa magharibi, nyembamba kama kidole, ambako mafunjo yameota juu ya maji. Njia inaizunguka ghuba hiyo kama kwato ya farasi.

Kabla ya kuingia, Bujiku alisimama akawaonya, uso msituni kama kawaida. "Hapa kila mtu afuate nyayo zangu. Yale majani mabichi mnayoyaona si nchi kavu, ni mafunjo yanayoelea. Chini yake ni maji. Na mamba yupo. Lile gogo mlilopita sasa hivi halikuwa gogo."

Waliokuwa karibu walisikia, wakaruka, wakachekana. Upepo uliyachukua maneno yaliyobaki ukayapeleka msituni, huko alikokuwa akiyaelekeza. Mama Ansgar, mwisho wa msururu, aliona watu wakiruka na kucheka, akadhani ni utani mwingine.

Wakaenda. Bujiku akaizunguka kona ya ghuba, akatokea ng'ambo. Wanakisomo walisimama katikati ya mkunjo wa njia, wamechuchumaa, wameshika midomo, maana nzohe alikuwapo kweli, jike na mtoto wake. Mama Ansgar alikuwa bado upande wa kwanza, na Anisia kati yake na wenzake. Na kwa namna njia ilivyojikunja, aliyekuwa mbele kabisa na aliyekuwa nyuma kabisa walijikuta wanatazamana. Katikati yao yalikuwa maji ambayo mtoto angeweza kurusha jiwe likavuka.

Hawakuwahi kuonana hivyo. Mama Ansgar alishtuka, akavuta kanga, akafanya alichofanya maisha yake yote kila alipokutana na mume wa binti yake: aliiacha njia. Akapiga hatua kando, nyuma ya mafunjo, mahali pabichi, palipoonekana pagumu.

Pakamfungukia chini ya miguu.

Hakupiga kelele. Alizama mpaka kifuani, akashika mafunjo, mafunjo yakaja naye. Kanga ya kichwani ikaelea. Kichwa chake, chenye nywele nyeupe zilizosukwa mistari, kikawa wazi mbele ya macho ya Bujiku, na mabega yake, na blauzi iliyoshikwa na maji.

Na Bujiku akageuza uso.

Hakuamua. Jambo lile lilimtoka kama jicho linavyofumba likiona vumbi. Shingo ilizunguka yenyewe, mkono ukavuta kofia, na akajikuta anautazama msitu, akipaza sauti: "Wanawake! Njooni huku! Wanawake, njooni, mama ameanguka!"

Nyuma yake maji yalikuwa yanapigwapigwa. Alisikia pumzi ya mtu anayetema maji. Alijua kina cha pale, maana alikipima yeye mwenyewe kwa mwanzi. Alijua yule mamba analala wapi. Yote hayo aliyajua, na bado alisimama na kisogo chake, akiita wanawake. Upande wa kina Zipora watu waligeuka, wakaanza kukimbia, wakakwama kwenye njia nyembamba, kila mmoja akimkanyaga mwenziwe.

Kisha akasikia kishindo cha mtu mwingine kuingia majini. Akadhani ni mamba. Hapo ndipo alipogeuka.

Alikuwa Anisia. Alikuwa ameteremka ukingoni na tumbo lake, gauni limejaa maji kama turubai, mikono imenyooshwa kwa mama yake. Maji yalikwisha kumfika kifuani.

Bujiku aliruka. Alimrudisha Anisia ukingoni kwa kumsukuma kwa bega, akamfikia mama mkwe, akamkamata kwapani, akamkumbatia kifua kwa kifua kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumnyanyua, akamtoa. Kanga ya kiunoni ilibaki kwenye mafunjo pamoja na kiatu kimoja. Upande wa pili, gogo lilifumbua macho, likaona kelele zimezidi, likaenda zake.

Wanawake waliwazunguka kwa kanga. Bujiku alivua koti lake la kaki lenye beji ya hifadhi, akalirusha nyuma kupitia juu ya bega, akabaki na fulana yenye matundu mawili tumboni.

Kisha sifa zikaanza.

"Mwanamume!" Mwalimu Onesmo alimshika mkono akautikisa hadi kiwiko kikauma. "Mwanamume kamili! Mila ni mila, lakini uhai kwanza. Nitawasimulia darasani."

"Amembeba mkwe kama gunia la mpunga!" Zipora alishangilia, akaanza kutunga wimbo palepale, na wenzake wakapokea kiitikio. Kwenye wimbo, mamba alikuwa ameongezwa urefu, na Bujiku alikuwa ameruka kabla mama hajamaliza kuanguka.

Mzee Herman alipiga kifimbo chini. "Sikilizeni. Sifa apewe. Lakini amemgusa mkwe, amemwona kichwa wazi. Hilo lina dawa yake. Mbuzi mmoja apelekwe kwa kina mama, aibu isafishwe, yaishe. Ni mbuzi wa heshima, kijana wangu, si wa kosa. Mimi ningekuwa wewe ningempeleka nikiimba."

"Nitampeleka, mzee," alisema Bujiku. Sauti yake ilikuwa ndogo. Watu wakadhani ni unyenyekevu, wakamsifu na kwa huo.

Njia nzima ya kurudi gatini aliimbwa. Kila kiitikio kilipofika alitamani ardhi ya hapo nayo iwe ya mafunjo. Alimsubiri Anisia aseme neno. Anisia, ambaye hangepitwa na fulana yenye matundu mawili. Anisia, ambaye siku mumewe alipoteleza kwenye ngazi mbele ya Bwana Nyama, mkubwa wake wa kazi, alimcheka wiki nzima. Sasa alikuwa anakamua gauni lake anatembea.

"Unasikia baridi?" Bujiku alimwuliza.

"Hapana."

"Na tumbo?"

"Mtoto anacheza."

"Anisia."

"Angalia njia," alisema. Hakukuwa na ukali. Hilo ndilo lililomuuma. Alisema kama mtu anayezungumza na mgeni.

Alijua, basi. Alikuwa ameuona mgongo wake. Na mtu wa pili aliyeuona alikuwa anatembea nyuma kabisa amevaa koti la hifadhi, mikono imezidi vidole, hajatamka neno tangu atolewe majini.

Gatini boti ilikuwa imewashwa. Wanakisomo walikuwa wanaagana, kila mmoja anataka kumshika mkono shujaa, na Mzee Herman amekwisha kuketi pahali pake, ndipo Mama Ansgar alipofungua mdomo.

"Anisia, kachukue nguo zako."

Wimbo ukakatika.

"Mama Ansgar," Mwalimu Onesmo alisema, "bila shaka hujamaliza kutulia..."

"Nimetulia. Anisia, nguo."

"Lakini mama!" Zipora alikuja juu. "Mtu amekutoa mdomoni mwa mamba, na wewe unamnyang'anya mke? Hata ahsante hujamwambia!"

"Nimesema kachukue nguo."

"Hii si haki," mwanamume mmoja alinung'unika. Mwingine akasema, kwa sauti ya kutaka isikike, kwamba wako watu ukiwaokoa wanakudai kiatu kilichobaki. Kina mama wawili waliomzunguka kwa kanga saa ile walisogea kando. Mzee Herman alitikisa kichwa: "Sikutegemea, Mama Ansgar. Nakujua miaka mingi. Hili la kutokuwa na shukrani sikulitegemea kwako."

Mama Ansgar alivumilia. Alitazama ziwa, midomo imebanwa. Neno moja tu lingemtosha. Lilikuwa mdomoni mwake, na wote wangemgeukia Bujiku. Hakulitoa.

Bujiku alikuwa ameupa mgongo mkutano wote huo, kama desturi. Aliutazama mlango wa nyumba yake, ambao Anisia alikuwa ameingia sasa, na aliyasikia yale maneno yakimwangukia mama mzima aliyenyamaza kwa ajili yake. Angeweza kunyamaza naye. Wimbo ulikwisha kutungwa, ungefika Ushirombo, ungefika Kahama. Mke angeondoka, na dunia nzima ingesema mama mkwe ndiye mbaya.

Alikuwa ameshapigwa mno maishani, kwa sururu, kwa makofi ya shamba la mihogo, kwa njaa, na kila mara aliinuka na mzaha. Sasa alitafuta mzaha akakosa.

Akageuka.

Watu walishtuka, maana aligeuka kabisa, akavua kofia, akamtazama mama mkwe wake usoni. Zipora aliziba macho yake mwenyewe.

"Mwacheni mama," alisema Bujiku. "Hana kosa. Mimi sikuruka."

"Tumekuona umeruka," alisema Mwalimu Onesmo.

"Mmeona mwisho. Mama alipoanguka mimi ndiye niliyekuwa karibu, na nilimwona. Nikageuza uso. Nikasimama nimempa kisogo, naita wanawake, na yeye anakunywa maji nyuma yangu. Anisia ndiye aliyeingia. Na mimba yake. Mimi nilimfuata mke wangu, sikumfuata mama. Nilionea aibu kumwona kichwa wazi. Kuzama kwake sikukuonea aibu. Ndivyo ilivyokuwa."

Hakuna aliyejua mahali pa kutazama, na kwa mara ya kwanza siku ile kundi zima lilifanya alivyofanya Bujiku tangu asubuhi: wakatazama miti. Mzee Herman alikuna kidevu kwa kifimbo. Mwalimu Onesmo aliuondoa mkono wake begani mwa Bujiku polepole, kama mtu anayeutoa mfukoni mwa mwenziwe.

Mama Ansgar peke yake ndiye aliyekuwa anamtazama. Kanga ya kuazima ilikuwa kichwani, lakini hakuivuta.

"Ulichukua muda," alisema. Alimsemesha yeye mwenyewe, bila daraja. "Nilikuwa nahesabu shanga za rozari kichwani. Nilifika mbali."

"Najua, mama."

"Hujui. Hukuwa unaangalia. Na mimi nilifanya nini? Njia nilikuwa nayo. Nikaiacha kwa sababu umetokea ng'ambo. Nimezeeka hivi nakimbilia majini kwa kuona sura ya kijana ambaye hata si mzuri."

Mtu mmoja alicheka kwa pua, akajizuia.

Anisia alikuwa amerudi na bunda lake la nguo. Alisimama kwenye ngazi ya mlango, amesikia yote.

"Mtoto atazaliwa kwangu," Mama Ansgar aliendelea. "Hilo halina mjadala. Hapa upepo ukikasirika mmekwisha. Kuhusu kurudi, utakuja kumfuata. Uje mwenyewe. Usitume mshenga, usitume boti ya posho. Na uje na mbuzi wawili."

"Mzee Herman amesema mmoja," Zipora aliingilia, maana hesabu alifaulu pia.

"Mmoja ni wa kunigusa," alisema Mama Ansgar. "Wa pili ni wa kuchelewa kunigusa. Na huyo wa pili awe mkubwa."

Mzee Herman alifikiri, akatafuta kama mila ina kipengele hicho, akaona hata kama haina, inastahili kuwa nacho. "Imepita," alisema.

Wakapanda. Mama Ansgar alipanda na koti la hifadhi, hakulirudisha na hakuna aliyethubutu kulidai. Beji iling'aa kifuani mwake, na nahodha, kwa mazoea, akampigia saluti. Bujiku alibaki gatini na fulana yake, na upepo ukiingia kwa matundu yote mawili. Alitaka kumwambia Anisia kitu, akaona kila neno alilonalo limechakaa.

Boti ilipofika mbali kidogo, Anisia alisimama, mkono mmoja tumboni, mwingine ameshika paa.

"Wewe Baba Kisogo!" alipaza sauti. "Funga mlango wa jikoni, tumbili wasije wakala ugali wako!"

Boti nzima ilicheka. Bujiku alihisi aibu ikimshuka kutoka kichwani mpaka unyayoni, ya moto, mbele ya kina Zipora wote, na chini ya hiyo aibu kulikuwa na furaha ndogo, maana alikuwa ametaniwa. Akainua kofia. Hakugeuka mpaka boti ikawa nukta, ikawa hakuna.

Alikwenda Ushirombo na mbuzi wawili. Wa pili alikuwa mkubwa kweli, na mkaidi, Bujiku akamburuta kutoka Kahama, mtu mzima, watu wakimtazama njia nzima. Alirudi na mke na mtoto wa kike, na alipopewa mkono na mama mkwe uani mbele ya watu, alimtazama, majirani wakanong'ona.

Jina nalo halikumwacha. Askari wenzake waliipa ile ghuba jina la Kisogoni, na kwa kuwa Irumba haikuwa na majina mengi, likashika. Mpaka leo njia inapita hapo. Bujiku huwafurahisha wageni kwa twiga wa melini, huwafanya wamwamkie sokwe, huwatia woga kwa gogo. Lakini wakifika kwenye yale mafunjo, huwa kuna mmoja atakayeuliza kwa nini panaitwa Kisogoni. Hapo Bujiku huwageukia wote, mmoja baada ya mwingine, akahakikisha kila mtu anamwona mdomo, wa mbele na wa nyuma kabisa.

"Kwanza tembeeni hapa nilipokanyaga," husema. "Hiyo nyingine nitawaambia tukishavuka."

Na wakishavuka, huwaambia. Huwa hachekeshi.